Wadudu na maua ya mwituni ya msimu wa mvua Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wakazi wa Dodoma na maeneo ya jirani huyarudia kila msimu wa mvua unapoanza: wazazi wanaotaka kuwaonyesha watoto kitu chenye maana karibu na nyumbani, walimu, wakulima, na watu waliohamia hapa kikazi ambao wameona nchi kame ikigeuka kijani ndani ya wiki mbili. Majibu yanaanza na mambo ya msingi na kuendelea hadi hali zisizo za kawaida. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi, bali msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Je, ni lazima kwenda hifadhini ili kuwaona wadudu na maua ya mwituni?

Hapana. Karibu kila kinachoelezwa hapa kinaonekana katika uwanja ambao haujafyekwa, kando ya njia ya miguu, kwenye mpaka wa shamba la mtama au uwele, na chini ya ua wa minyaa. Tembo anahitaji eneo kubwa la kuzunguka, lakini kiwavi anaweza kumaliza ukuaji wake juu ya mmea mmoja tu, mradi uwe wa aina anayoila.

Kutokana na hilo ipo kanuni moja tunayoisisitiza katika ukurasa huu wote: jifunze mmea kwanza, kisha simama karibu nao na usubiri. Wadudu wengi hawazururi ovyo, kwa kuwa hutegemea mimea michache kwa chakula, kwa kutagia mayai au kwa kujificha. Mtu anayeijua mimea kumi ya mtaani kwake atawaona wadudu wengi kuliko yule anayeshinda kutwa akiwakimbiza.

2. Ni miezi gani inafaa zaidi?

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi Desemba na kuishia Aprili, na wastani wa mvua kwa mwaka ni takriban milimita 550 hadi 600. Joto na unyevu hukutana katika miezi hiyo, na uhai uliokuwa umejificha ardhini hutokea kwa haraka kwa sababu muda wake ni mfupi.

Hata hivyo msimu hauna sura moja. Siku chache baada ya mvua ya kwanza ni wakati wa kumbikumbi, majongoo, na maua yanayotoka kwenye vitunguu vya porini vilivyolala ardhini, kama lile ua la Scadoxus lenye umbo la mpira mwekundu ambalo huchomoza chini ya vichaka na kwenye vilima vya mawe kabla majani yake hayajakua. Januari mimea mifupi ya ardhini huwa katika kilele chake. Machi na Aprili majani huwa marefu, mbegu hukomaa, na panzi huwa wamefikia ukubwa wao kamili. Mtu anayetoka mara moja tu katika msimu ataona kipande kimoja cha mambo haya, kwa hiyo ni bora kurudi mahali palepale mara kwa mara kuliko kutafuta mahali papya kila siku.

3. Ni saa ngapi za siku?

Kati ya saa 1 na saa 5 asubuhi kwa maua mengi na nyuki, na kati ya saa 3 na saa 6 kwa vipepeo, ambao husubiri jua lipashe miili yao moto kabla ya kuruka. Saa za mchana mkali wadudu wengi hujificha chini ya majani. Kuanzia saa 12 jioni zamu hubadilika: nondo, chenene na vimulimuli hutoka, na baadhi ya maua, yakiwemo ya mbuyu yanayoelezwa katika swali la 11, ndipo hufunguka.

4. Ninahitaji vifaa gani?

Daftari, kalamu, simu yenye kamera, na ikiwezekana lenzi ndogo ya mkononi. Kofia na viatu vilivyofunika vidole ni vya lazima kwa sababu ya jua na mbigiri. Wavu hatuupendekezi kwa anayeanza. Unamfundisha mtu kukamata kabla hajajifunza kuangalia, na mabawa ya kipepeo huharibika kirahisi.

Kwa usiku, tundika shuka jeupe ukutani na uelekeze taa juu yake. Baada ya nusu saa hivi katika usiku usio na mbalamwezi wakati wa mvua, shuka hilo litakuwa na nondo, mbawakavu na wadudu wengine wengi ambao hutawaona kamwe mchana. Kabla ya kufanya hivyo soma swali la 18.

## Mahali pa kutazama

5. Nianzie wapi hasa, mjini au kijijini?

Anzia mlangoni kwako. Katika mitaa kama Nkuhungu, Ipagala au Nzuguni bado kuna viwanja visivyojengwa, na kila kiwanja kisichojengwa kinachopata mvua ni bustani iliyojiotea yenyewe. Tazama hasa mipaka: pale majani yanapokutana na njia, pale shamba linapokutana na kichaka, pale ukuta unapotupa kivuli. Mimea ya aina tofauti hukutana hapo, na wadudu huifuata.

Ua wa minyaa unastahili muda wako. Chini yake, ambako mifugo haifikii kirahisi, huota mimea ambayo kwingine imeliwa au kufyekwa, na mimea ya kutambaa hupanda juu ya matawi yake. Utomvu wa mnyaa, hata hivyo, ni hatari kwa macho, kwa hiyo usivunje matawi yake wala usimruhusu mtoto kuyachezea.

Nje ya mji, pembezoni mwa bwawa la Hombolo na majaruba ya mpunga ya Bahi ni mahali pazuri kwa kereng'ende na wadudu wa majini. Vilima vya mawe vilivyotapakaa kuzunguka mji vina mimea inayohifadhi maji, mishubiri ikiwemo. Kondoa ina historia ya pekee: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Anayetaka kuelewa namna uoto unavyorudi juu ya ardhi iliyochakaa atajifunza mengi kwa kutembea huko wakati wa mvua.

6. Je, makorongo ni salama?

Kingo zake ni salama ukiwa makini, lakini ndani yake si salama mvua zinapoendelea. Maji ya korongo hutoka mbali, na mvua iliyonyesha vilimani inaweza kuleta mafuriko ya ghafla pale ulipo hata kama jua linawaka juu ya kichwa chako. Ukiona mawingu mazito upande wa juu wa korongo au ukisikia mngurumo, toka mara moja. Watoto wasiingie humo kabisa katika miezi hiyo. Mimea ya kingoni inatosha.

## Maua

7. Ni maua gani nitayaona kwanza, na yanatembelewa na nani?

Yapo manne ambayo karibu kila mtu ameyakanyaga bila kuyatazama. La kwanza ni mbigiri, mmea unaotambaa chini kwenye udongo mkavu na wenye maua madogo ya njano ya petali tano. Watu huujua kwa miiba ya tunda lake inayotoboa kandambili na matairi ya baiskeli, lakini asubuhi maua yake huvuta nyuki wadogo sana ambao huwezi kuwaona ukiwa umesimama, na inabidi uchuchumae. La pili ni kongwe, ambaye jina lake la kitaalamu ni Commelina, mwenye ua la bluu linalofunguka asubuhi na kujikunja ifikapo adhuhuri. Anayetoka mchana atasema kongwe haina maua.

La tatu ni kishona nguo, lenye kitovu cha njano na mbegu nyeusi zinazoganda kwenye suruali na khanga. La nne ni mbaruti, mmea wa miiba wenye ua la njano kubwa na utomvu wa njano. Haya mawili asili yake ni Amerika, na yamesambaa hapa kwa msaada wa binadamu. Tunayataja kwa sababu yapo na wadudu huyatumia, ingawa hatushauri mtu yeyote ayapande.

8. Je, mlenda una maua?

Unayo, na ni mazuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Mimea kadhaa tofauti huchumwa na kupikwa kwa jina la mlenda. Ile ya jamii ya ufuta, kama Ceratotheca, huwa na maua ya rangi ya waridi iliyochanganyika na zambarau, yenye umbo la kengele ndefu, na nyuki huingia ndani yake hadi wasionekane, kisha wakatoka wakiwa na unga wa chavua mgongoni. Ile ya jamii ya Corchorus huwa na maua madogo ya njano karibu na shina.

Katika nyumba nyingi za Wagogo majani ya mlenda hukaushwa na kutwangwa ili yaliwe kiangazi, kwa hiyo mmea huchumwa ukiwa bado mchanga na haupati nafasi ya kuchanua. Ukitaka kuona maua yake, tafuta kwenye mipaka ya mashamba mwezi Februari na Machi, au mwombe mwenye shamba aache miche michache. Watu wengi hukubali, kwa kuwa miche hiyohiyo ndiyo itakayotoa mbegu za mwaka unaofuata.

9. Katika shamba langu la mtama kuna mmea mfupi wenye maua mazuri mekundu. Niuache?

Usiuache. Yaelekea sana ni kiduha, ambacho kitaalamu huitwa Striga. Kiduha hushika mizizi ya mtama, uwele au mahindi na kunyonya maji na chakula, na madhara makubwa huwa yamekwisha kufanyika kabla hakijachomoza juu ya ardhi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri harufu ya kikemikali inayotoka kwenye mizizi ya nafaka.

Kitazame, kipige picha, kisha king'oe kabla hakijatoa mbegu na ukichome. Kupenda maua ya mwituni hakumaanishi kwamba kila ua lina haki ya kubaki katika shamba linalolisha familia.

10. Kwa nini nyuki wakubwa weusi hutoa mngurumo wa ajabu kwenye maua ya ndulele?

Hili ni mojawapo ya mambo ya kushangaza zaidi unayoweza kuyaona kando ya barabara bila kifaa chochote. Ua la ndulele, lenye petali za zambarau na nguzo za njano katikati, halitoi chavua yake wazi. Chavua imefungiwa ndani ya vijifuko vyenye tundu dogo kwenye ncha. Nyuki wale wakubwa wanaotoboa mbao, pamoja na aina nyingine za nyuki wanaoishi mmoja mmoja, hulikumbatia ua na kutetemesha misuli ya kifua bila kupiga mabawa, na mtetemo huo humwaga chavua nje. Sauti wakati huo hubadilika na kuwa nyembamba na kali kuliko ya kuruka.

Nyuki wa asali hawawezi kufanya hivyo. Kwa hiyo ukisimama kwenye kichaka cha ndulele saa 2 asubuhi na kufunga macho, unaweza kujua kwa sikio tu ni nani aliyefika. Nyanya nazo ni za jamii hiyo, na mtetemo wa nyuki wa aina hii huongeza uzazi wake. Mkulima wa bustani anayechoma magogo yote makavu yenye matundu anaondoa makazi ya wasaidizi wake.

11. Mbuyu huchanua lini, na mbona sijawahi kuona?

Huchanua kuelekea mwanzo wa mvua na katika wiki zake za kwanza. Ua kubwa jeupe, linaloning'inia kwa kikonyo kirefu, hufunguka jioni na kwa kawaida huwa limeanza kunyauka kesho yake mchana. Nondo na popo wanaokula matunda ndio wageni wake wakuu. Kama hujawahi kuliona, pita chini ya mbuyu asubuhi na mapema utafute maua yaliyoanguka, kisha urudi jioni hiyohiyo na tochi.

## Wadudu

12. Kumbikumbi hutoka wapi, na baadaye huenda wapi?

Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, wa kiume na wa kike, ambao hukaa tayari ndani ya kichuguu mpaka mvua ilainishe ardhi. Jioni inayofaa, vichuguu vingi vya aina moja hufunguka kwa wakati mmoja, jambo linalowawezesha kukutana na wenzi kutoka makundi mengine. Wakitua, mabawa huvunjika, jike na dume hufuatana, huchimba shimo na kuanza kundi jipya kama mfalme na malkia.

Wengi mno hawafiki hapo, kwa sababu ndege, vyura, mijusi, sisimizi, kuku na watu wote huwasubiri. Ndiyo sababu kutazama mtoko wa kumbikumbi ni kutazama karibu wanyama wote wa mtaa katika saa moja, na hakuna tukio jingine la msimu tunalolipendekeza kwa mkazo kama hili. Wale mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa hulima ukungu ndani yake kwa ajili ya chakula, na uyoga unaochipuka juu ya kichuguu baada ya mvua hutokana na ukungu huo.

13. Viwavi wanakula mndimu wangu. Ni nani hawa?

Kama wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, na wakubwa ni wa kijani wenye alama za kahawia, basi ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hafifu, Papilio demodocus. Mguse kidogo kwa kijiti na atatoa pembe laini yenye harufu kali nyuma ya kichwa, ambayo huitumia kufukuza sisimizi na ndege.

Mti mkubwa hauumizwi nao. Mche mdogo unaweza kumalizwa majani, na katika hali hiyo wahamishie kwa mkono kwenye mti mkubwa wa jamii ya ndimu. Mzazi anayetaka mtoto wake aone mageuzi yote, kutoka yai hadi kipepeo, hatapata mahali rahisi zaidi ya hapa.

14. Vipepeo weupe wanapita kwa mamia wakielekea upande mmoja. Wanakwenda wapi?

Hao mara nyingi ni Belenois aurota, mweupe mwenye mistari ya kahawia kwenye mishipa ya mabawa, au Catopsilia florella, ambaye ni mkubwa zaidi na ana weupe unaoelekea kijani au njano. Baada ya mvua nzuri huzaliana kwa wingi kiasi kwamba viwavi humaliza majani ya mimea wanayoitegemea, na kizazi kinachofuata huhama kutafuta kwingine. Wa kwanza hutaga kwenye vichaka vya jamii ya Capparis na Boscia, na wa pili kwenye mimea ya jamii ya mjohoro. Andika tarehe, saa, na upande wanaoelekea. Kumbukumbu za aina hiyo ni chache na zina thamani.

15. Kereng'ende wa njano huonekana ghafla mvua zinapoanza, mbali na bwawa lolote. Imekuwaje?

Yaelekea ni Pantala flavescens, mmoja wa wadudu wanaosafiri mbali kuliko wote duniani. Wapo wanaovuka Bahari ya Hindi kutoka India wakisaidiwa na upepo na kuingia Afrika Mashariki pamoja na mvua. Hutaga kwenye madimbwi ya muda, na watoto wao hukua haraka ili wamalize kabla maji hayajakauka. Wakiwa majini hula, pamoja na vitu vingine, viluwiluwi vya mbu.

16. Wadudu wekundu na weusi waliounganika mkia kwa mkia chini ya mbuyu ni nini?

Ni kangambili, nao wanajamiiana. Huweza kukaa hivyo kwa siku kadhaa. Hufyonza mbegu za mbuyu, pamba, bamia na jamaa zake. Hawadhuru watu.

17. Je, jongoo ni mdudu? Na yule mdogo mwekundu kama kitambaa cha mahameli?

Katika mazungumzo ya kawaida wote huitwa wadudu, lakini kwa hesabu ya miguu hawamo katika kundi linalojadiliwa hapa. Mdudu kamili ana miguu sita. Yule mwekundu anayetembea mchangani baada ya mvua ya kwanza ana minane akiwa mkubwa, na ni jamaa wa kupe, ingawa hanyonyi damu ya watu. Jongoo ana mingi zaidi, hula majani yaliyooza, na akishikwa hutoa majimaji yanayochafua mikono na kuwasha macho.

## Hatari na tahadhari

18. Ni wadudu gani nisiwashike?

Wapo wawili wa kuwafahamu kwa sura. Wa kwanza ni mdogo, mwembamba, mwenye mwili wa rangi ya chungwa na nyeusi kwa zamu, na huvutwa na taa wakati wa mvua. Hang'ati, lakini akipondwa juu ya ngozi sumu yake huacha jeraha kama la kuungua. Akikutua, mpulize badala ya kumpiga, kisha osha mahali hapo kwa maji na sabuni, wala usijifute macho. Wa pili ni mbawakavu mweusi mwenye mikanda ya njano au nyekundu, anayekula petali za maua mchana kweupe bila kujificha. Majimaji yake hutoa malengelenge. Watoto wa wengi wa jamii yake hula mayai ya panzi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumuua.

Kuhusu nyuki, usikaribie mzinga wala tundu la mti wanamoishi, na usisimame kwenye njia yao ya kuingilia. Nyuki aliyeko juu ya ua hana ugomvi nawe.

19. Ni mimea gani niwazuie watoto?

Matunda ya ndulele, mbegu za mranaha, ambao kitaalamu ni Datura, utomvu wa mnyaa, na sehemu zote za Gloriosa superba, mmea wa kupanda wenye ua la kupendeza lenye petali nyekundu na njano zilizojikunja kwenda juu. Wafundishe watoto kwamba kuangalia na kunusa kwa mbali kunaruhusiwa, na kwamba hakuna kinachotiwa mdomoni bila mtu mzima anayekijua. Mtoto akila kimojawapo, mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na kipande cha mmea huo.

20. Nimeona viwavijeshi wakati nikitazama maua. Nifanye nini?

Toa taarifa kwa afisa ugani wa kata siku hiyohiyo. Mikoa ya kati na mashariki mwa Tanzania ni miongoni mwa maeneo ambako milipuko ya kwanza ya msimu huanzia, na taarifa ya mapema kutoka kwa mtu anayetembea na macho wazi inaweza kuokoa mashamba ya wengi. Kuna wa asili, ambao hutembea kwa makundi makubwa wakila nyasi na nafaka, na kuna vamizi, waliothibitika barani Afrika mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017, ambao hujificha ndani ya moyo wa muhindi. Vamizi ana alama kama Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia.

## Kutambua, kuandika na kuishi na majirani

21. Sijui jina la nilichokiona. Je, kumbukumbu yangu ina faida?

Ina faida kama imeandikwa vizuri. Andika tarehe, saa, mahali, mmea aliokuwa juu yake, na alichokuwa akifanya. Piga picha ya ua kwa mbele, ya jani, na ya mmea mzima. Kwa mdudu, piga ya juu na ya ubavuni. Jina linaweza kupatikana baadaye, lakini kitendo usichokiandika hakirudi.

Kwa majina ya mimea, waulize wazee. Anza kwa salamu, na kama ni nyumba ya Wagogo, mbukwenyi yako itafungua mazungumzo kuliko kamera yako. Andika jina la Kigogo, Kirangi au Kinyaturu kama lilivyotamkwa, pamoja na jina la kijiji, kwa kuwa jina moja linaweza kutumika kwa mimea miwili katika vijiji viwili. Programu ya iNaturalist hupokea picha na watumiaji wake hupendekeza majina ya kitaalamu. Usikubali pendekezo la kwanza bila kulinganisha majani. Kwa utambuzi wa mimea wenye uhakika, ipo hifadhi ya taifa ya sampuli za mimea mjini Arusha, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

22. Vipepeo wawili wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi wananichanganya. Nitawatofautishaje?

Danaus chrysippus ana sumu aliyoipata akiwa kiwavi kwenye mimea yenye utomvu mweupe, na ndege aliyewahi kumwonja humwacha. Jike la Hypolimnas misippus halina sumu hiyo, ila limefanana naye kiasi cha kuwadanganya ndege na watu. Tazama bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi machache karibu na katikati, ilhali Hypolimnas kwa kawaida ana doa moja ukingoni mwa mbele. Pia tazama walio karibu. Kipepeo mweusi mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau ni dume la Hypolimnas, na akiwepo, chunguza tena kila wa chungwa uliyemwandika.

23. Je, ninaruhusiwa kukusanya wadudu au kung'oa mimea?

Ndani ya hifadhi na mapori ya akiba hairuhusiwi bila kibali. Kwenye shamba la mtu mwingine, mwombe mwenyewe. Kwenye kiwanja chako unaweza, lakini picha inatosha kwa karibu kila jambo, na mmea wa kitunguu ukiung'oa hautachanua mwakani.

24. Mtaa unataka viwanja vifyekwe kwa sababu ya mbu na nyoka. Nifanyeje?

Hofu hiyo ina msingi na isipuuzwe. Majani marefu karibu na mlango huficha nyoka, na mbu hupumzika kwenye mimea mchana. Hata hivyo mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo kopo, tairi na dimbwi vishughulikiwe kwanza, kwani kufyeka peke yake hakutawaondoa.

Ushauri wetu ni kufyeka kwa makini eneo linalozunguka nyumba na njia, na kuacha ukanda wa mita moja au mbili kwenye uzio wa mbali hadi mbegu zikomae mwezi Mei. Zungumza na mwenyekiti wa mtaa kabla ya siku ya usafi. Mkieleza kwamba ukanda huo unawalisha nyuki wanaochavusha alizeti na maboga ya watu wa hapohapo, mara nyingi mtaeleweka. Kufyeka kila kitu hadi udongo ubaki wazi katikati ya Januari ndiko kunakoumiza zaidi, kwa kuwa hakuna mmea uliopata kutoa mbegu wala kiwavi aliyepata kumaliza ukuaji, na mvua inayofuata hupeleka udongo wenyewe korongoni.

25. Watu huniuliza kwa nini nimechuchumaa na simu kando ya uzio wao. Nijibu nini?

Piga hodi kabla ya kuchuchumaa. Eleza unachotazama, mwonyeshe mwenye nyumba picha, na umuulize jina la mmea. Kutoka hapo mazungumzo huwa yake. Usipige picha karibu na kambi, viwanja vya ndege au majengo ya serikali yenye ulinzi, hata kama ua ni la ajabu.

26. Mvua zikichelewa au zikikatika katikati ya msimu, je, kuna cha kutazama?

Kipo, ingawa mpangilio hubadilika. Mvua ikikatika Februari, wadudu hukusanyika penye unyevu uliobaki: chini ya bomba la maji linalovuja, kwenye majaruba, pembezoni mwa mifereji ya mashamba ya zabibu. Vipepeo hutua kwenye tope lenye chumvi na hukaa kwa muda mrefu, hivyo picha huwa rahisi. Penye kinyesi cha ng'ombe kibichi utaona mbawakavu wanaovingirisha madonge. Watafiti wa Sweden na Afrika Kusini walionyesha mwaka 2013 kwamba wadudu hao wanaweza kushika mwelekeo usiku kwa kutumia ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza angani, na anga la Dodoma nje ya mji bado lina giza la kutosha kuuona.

Kiangazi chenyewe, kuanzia Mei, ni zamu ya mishubiri kwenye vilima vya mawe na ya ndege chozi wanaoifuata. Baadaye, mwezi Septemba na Oktoba, baadhi ya miti ya porini huchanua kabla ya tone lolote kudondoka, ikitumia maji yaliyo chini sana ardhini. Mwaka ambao mvua imekosa kabisa, endelea kuandika kama kawaida, ukitaja pia mimea ambayo haikuota mahali ulipoizoea.